Msitu wa Ukoo Ulioingia Kwenye Ramani

Mafiga, Morogoro
9 Februari 2025

Mjomba Alois,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila joto la mwezi huu limetunyima usingizi na maji ya bomba yanatoka yanapojisikia. Nisalimie mama. Mwambie dawa yake ya mguu nimeipata na nimemkabidhi mtani wetu Raphael pamoja na barua hii, kwa kuwa gari lake la ndizi linarudi huko tupu. Raphael ameipokea akasema ukoo wetu umepata bahati ya kuwa na karani, maana sasa yuko mtu wa kuandika uongo wetu kwa herufi nzuri. Nilicheka kwa sababu ni mtani.

Theresia wa mama mdogo Regina alifika salama, anaishi kwangu, na ameanza mafunzo hapa kituoni ninakofanya ukarani. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Wanafundishwa kutumia kompyuta na simu kutafuta wateja, kupiga picha za bidhaa, kutunza hesabu na kuanzisha biashara ndogo. Vijana wengi hufika hapa wakidhani mtandao ni wa muziki na umbea tu. Theresia ni tofauti. Siku ya kwanza alimuuliza Mwalimu Hidaya kama mtu wa Dodoma anaweza kununua mdalasini wa Matombo bila kumwona muuzaji. Alipojibiwa kwamba inawezekana, akaandika jibu hilo kwenye kiganja.

Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani kwako ni ya mwanao Andrea, na jambo hili ni la ardhi ya ukoo. Nimeona si vizuri limpitie yeye. Theresia anaomba apewe lile shamba la mdalasini chini ya msitu, lililokuwa la bibi. Kituo kinawasaidia zaidi wenye mahali pao pa uzalishaji. Bila shamba atamaliza mafunzo na cheti, kisha atarudi kuuza ndizi za watu barabarani. Nakuomba ulifikirie, Mjomba, na kama nimekosea kuliandika, unisamehe.

Mpwa wako,
Laurenti


Matombo
4 Machi 2025

Mpwa wangu Laurenti,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa Raphael, maana mawe yaliziba barabara. Mama yako anatembea vizuri kuliko mwezi uliopita na amerudi kwenye kwaya, ambako tulikuwa tumeanza kupumzika. Andrea amembadilishia bati la jikoni bila kuambiwa na mtu. Pilipili manga yake imeshika miti vizuri, na mwaka huu ataanza kuchuma. Nilimkumbusha kwamba sehemu ile ameazimwa. Akaniambia, "Baba, hilo unanikumbusha kila mvua ikinyesha."

Unayajua haya, lakini nayaandika ili yabaki. Andrea ni mwanangu, ila ni wa ukoo wa mama yake, nasi tulimzika mama yake kwao. Ardhi hii ni ya mama zenu. Siku nikifa, kitakachomweka Andrea hapa ni huruma yenu, wewe na Theresia na wenzenu. Usifikiri silali kwa sababu ya joto.

Shamba la bibi yako halina mtu. Wazee watakaa Agosti, baada ya mavuno, na mimi nitalitaja jina la Theresia. Binti wa ukoo akiomba kulima, nani atamkatalia? Sharti ni lile lile la siku zote. Shamba linaishia kwenye jiwe la mpaka. Kutoka pale kwenda juu ni msitu, waliko wenyewe waliotutangulia, na hapaingii asiye wetu. Mkumbushe.

Mjomba wako,
Alois


Mafiga
13 Aprili 2025

Mjomba Alois,

Shikamoo. Mvua huku haikatiki, na ua wetu umekuwa tope tupu. Nimepata habari za mama na kwaya, nikafurahi. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu.

Nashukuru sana kwa neno lako kuhusu shamba. Theresia aliposikia alipiga magoti pale pale varandani. Amefungua ukurasa wake wa biashara na Mwalimu Hidaya anausifu mbele ya darasa zima. Watu wa Dar es Salaam na Dodoma wameanza kuagiza mdalasini. Mwalimu huwafundisha kwamba mteja wa mbali hanunui magome tu, hununua pia mahali yalikotoka, kwa hiyo kila mwanafunzi aeleze kwao na apaonyeshe. Wafadhili wa kituo watatutembelea mwezi Juni, na Mkurugenzi ameamua waonyeshwe ukurasa wa Theresia kwanza. Amekuza picha zake na kuzitundika ukutani, karibu na meza yangu.

Ni picha nzuri. Kuna moja nilitaka kukuuliza, lakini nitakuuliza nikija.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Juni. Mkurugenzi anasema hana wasiwasi na mimi, ila watu wanaosema hivyo ndio wanaonipa wasiwasi. Unisaidie kwa sala.

Mpwa wako,
Laurenti


Matombo
18 Mei 2025

Laurenti,

Marahaba. Mama yako hajambo, mahindi yamekubali.

Watu wanaingia msituni. Walianza vijana wa pikipiki wakati wa Pasaka, nikadhani wamepotea. Baadaye wakaja wengine, na wasichana, na mzungu mmoja mwenye adabu aliyeniamkia vizuri. Wanauliza makaburi ya machifu. Hatujapata kuwa na chifu aliyezikwa pale, ni bibi zetu na ndugu zao tu. Wameoga kwenye chemchemi. Wameacha chupa za plastiki juu ya kaburi la mama wa bibi yako, na chungu cha tambiko tumekikuta kimelala ubavu, pembeni ya mahali pake.

Niliwauliza nani aliyewaelekeza. Walisema hakuna, simu ndiyo iliyowaongoza mpaka kwenye jiwe la mpaka. Yule mzungu akanionyesha picha ya msitu wetu ndani ya simu yake. Niliitazama kwa muda, nikamrudishia.

Wazee wamekasirika, na hasira yao imeshapata pa kwenda. Wanasema mwenye simu ya picha upande huu ni Andrea, mwenye pikipiki ya kupeleka wageni ni Andrea, na asiye na ndugu aliyezikwa pale juu ni Andrea. Wanataka aondoke kabla ya kikao cha Agosti. Yeye ameulizwa mara moja, akaenda kupalilia pilipili zake.

Wewe unafanya kazi mahali wanapofundisha mambo haya. Tafuta ni nani aliyeuweka msitu wetu humo, kisha uniandikie jina. Usilitume kwa simu. Liandike kwa mkono wako.

Alois


Mafiga
2 Juni 2025

Mjomba Alois,

Shikamoo. Barua yako nilipewa Jumamosi, nikaisoma nikiwa nimesimama. Pole sana kwa yaliyotokea, na wazee wote nawapa pole. Naomba mama asielezwe mengi kuhusu chungu kwa sababu ya presha yake.

Nimefuatilia kama ulivyoniagiza. Inavyofanya kazi ni hivi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuweka alama ya mahali kwenye ramani ya mtandaoni, akaongeza picha na maelezo. Wengine wakifika pale huongeza picha zao na kusifu mahali hapo, na kila wanavyosifu ndivyo ramani inavyowaletea wengine. Aliyeweka alama ya kwanza akifuta yake, za wengine hubaki. Ya kwanza imeshafutwa, Mjomba. Nilihakikisha mwenyewe. Tumeandika pia kwa wenye ramani kuomba mahali pale paondolewe kabisa. Jibu lao lililokuja ni la mashine, linashukuru kwa mchango wetu.

Aliyeweka hakukusudia ubaya. Wala neno machifu halikutoka kwake, hilo liliongezwa na wapitaji. Naomba wazee wajue hivyo. Naomba pia wasiharakishe kuhusu Andrea, maana inawezekana si yeye.

Wageni wa kituo wanakuja wiki ijayo na kazi ni nyingi. Nitaandika tena wakishaondoka.

Mpwa wako,
Laurenti


Matombo
29 Juni 2025

Laurenti,

Marahaba. Tumevuna mpunga wa bondeni. Mama yako anauliza kwa nini hukuja kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, nikamwambia una wageni.

Umeniandikia kurasa mbili kueleza ramani, na jina halimo. Umeandika kwamba ya kwanza imefutwa na umehakikisha mwenyewe. Umeandika kwamba aliyeweka hakukusudia. Mimi nilikuwa katekista kabla hujazaliwa, na nimewasikia watu wengi wakieleza dhambi ya mtu mwingine kwa uangalifu namna hiyo.

Wazee hawakusubiri Agosti. Walikaa nyumbani kwangu Jumapili iliyopita baada ya misa. Mama mdogo wako Regina alikuwepo, mama yako alikuwepo, na Raphael alikuja kwa utani wake akasema tumepeleka mizimu yetu sokoni bila hata kuiosha uso. Hakuna aliyecheka. Wakamuuliza Andrea mara ya pili. Akawatazama mmoja mmoja, akafika kwangu, kisha akasema, "Ni mimi."

Mzee mmoja akasema basi, mwenyewe amekiri. Andrea alifunga nguo zake na sufuria moja, akaenda Mlali, ambako mtu amemkodishia shamba la nyanya. Pilipili imeanza kuiva, na ndege wanaila.

Kikao cha mashamba kiko pale pale. Nitalitaja jina la Theresia kama nilivyoahidi.

Alois


Mafiga
21 Julai 2025

Mjomba Alois,

Shikamoo. Habari za nyumbani nitauliza mwisho, kwa sababu nikianza nazo sitafika ninakotaka kufika. Barua hii nimeiandika mara nyingi nikaichana.

Ni Theresia.

Krismasi iliyopita, kabla hajaja mjini, mama mdogo Regina alimpeleka msituni kwenye tambiko la kumwombea safari. Wakati mama yake anafagia kaburi, yeye alipiga picha kwa simu. Anasema aliona pazuri na alitaka apakumbuke akiwa mbali. Mwalimu alipowaambia waonyeshe kwao, akaiweka picha hiyo, akaweka na alama kwenye ramani, na chini yake akaandika kwamba mdalasini wake unanyweshwa na maji yanayotoka kwa bibi zake. Yeye alidhani anawapa bibi heshima. Hakufikiri kwamba mtu anaweza kusoma vile akapanda pikipiki.

Mwalimu Hidaya si wa kulaumiwa. Yeye ni mtu wa Tanga na hajui msitu wetu. Mimi ninaujua. Picha ilipotundikwa ukutani niliitambua kabla sijakaa. Nilitaka kusema, nikawaza wafadhili, nikawaza mkataba, nikawaza shamba la Theresia. Nikaketi chini yake nikaendelea na kazi.

Barua yako ya Mei ilipofika nilimwonyesha. Aliifuta picha na alama siku ile ile. Lakini nilipomwambia kwamba nitakuandikia jina lake, akanishika mkono. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

"Kaka, ukinitaja, shamba limekwenda, na mimi ndiyo basi. Andrea hana cha kupoteza pale. Si wa ukoo. Ataondoka leo au ataondoka siku Mjomba akifa."

Nilimkemea. Baadaye nikaona kwamba moyoni na mimi nilikuwa nimeshafanya hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana nilikuandikia habari za ramani.

Nimemweleza Mwalimu Hidaya yote. Aliishusha picha ukutani kwa mikono yake, na sasa kabla ya somo lile huwauliza wanafunzi ni mahali gani kwao hapapaswi kuonekana. Mkurugenzi hakufurahi. Mkataba wangu umeongezwa hadi Desemba tu.

Andrea hakufanya lolote, Mjomba. Naomba arudishwe. Waeleze na wazee, kwa maneno utakayoona yanafaa.

Mama anaendeleaje?

Mpwa wako,
Laurenti


Matombo
5 Agosti 2025

Mpwa wangu Laurenti,

Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri.

Nilijua. Nilijua tangu yule mzungu aliponipa simu yake. Picha ile imepigwa na mtu aliyesimama kaburini akitazama nje. Jiwe la mpaka linaonekana kwa mbele, upande wake wa ndani, wenye ukungu wa kijani. Andrea hajapata kuliona jiwe lile upande huo. Tulipomzika bibi yako, yeye ndiye aliyebeba jeneza kutoka nyumbani mpaka kwenye mpaka. Pale akalishusha begani kwake, akawapa watoto wa ukoo, akabaki amesimama nje kwenye mvua mpaka tukamaliza. Mwanangu anashika mwiko kuliko ninyi wenye msitu wenu.

Wazee nao wameiona picha hiyo. Hakuna hata mmoja asiyejua upande wa ndani wa jiwe, wala asiyejua ni nani aliyepelekwa humo Krismasi kabla ya kwenda mjini. Kwa hiyo aliposema ni yeye, kila mtu mle ndani alijua kwamba si yeye, tangu mama yako hadi Raphael. Tulimwacha aseme. Ilikuwa rahisi kumtoa yeye kuliko kumgusa binti ambaye watoto wake ndio watakaokuwa ukoo. Na mimi, baba yake, nilitazama sakafu. Nilijiambia kwamba mkuu wa ukoo hawezi kumtetea mwanawe mbele ya watoto wa dada zake, watasema anampendelea. Ni kweli wangesema.

Umeniomba niwaeleze wazee kwa maneno yanayofaa. Sitafanya hivyo. Nikisema mimi, watasema ni baba anayemtafutia mwanawe njia ya kurudi. Wewe ndiye mtoto wa dada yangu, na wewe ndiye wanayekutazama baada yangu. Kikao ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Barua yako sijamsomea mtu. Ukija, utasimama na kumtaja Theresia mbele ya Theresia na mama yake. Usipokuja, nitaiweka barua kifuani mwa shati langu, Theresia atapewa shamba, na Andrea atabaki Mlali. Najua unaogopa. Tangu utoto ulikuwa unaomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Sikuandikii hivi kukucheka.

Mjomba wako,
Alois


Mafiga
9 Septemba 2025

Mjomba Alois,

Shikamoo. Nilirudi salama, na Theresia tulirudi naye. Yuko kwangu bado. Mama mdogo Regina hajanijibu salamu tangu kikaoni, na nadhani itachukua muda. Mimi mwenyewe sauti ile niliyosemea mbele ya wazee siikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilipomaliza, Theresia alisimama bila kuitwa akasema yote ni kweli, na kwamba kuhusu Andrea alisema neno baya kuliko hata picha. Uamuzi wa wazee kwamba shamba libaki bila jina mpaka mwakani ameupokea. Usiku halali vizuri, lakini mafunzo hajaacha. Ananunua mdalasini kwa wakulima wengine na anauza kwa majina yao.

Nimesikia kwamba Raphael na watani wenzake, ambao kwa kazi hiyo mwiko hauwazuii, wamesafisha msitu na kukirudisha chungu. Ramani bado inaonyesha mahali pale. Naiandikia kila wiki.

Ulinituma Mlali nikafikishe neno la ukoo. Nilichelewa kukuandikia majibu kwa sababu nilitumaini yatabadilika.

Nilimkuta Andrea kwenye nyanya, amekonda kidogo. Aliponiona akaniuliza, "Karani, umekuja na muhuri?" Akanipa maji, akanikalisha kwenye kreti. Nikamwambia kwamba wazee wamefuta kauli yake, wanamwomba radhi, na kwamba pilipili ni yake, achume na abaki. Nikamwambia kwamba wewe mwenyewe umeomba arudi. Alisikiliza yote akiendelea kufunga mche kwenye kijiti chake. Kisha akasema, na sijaongeza wala kupunguza neno:

"Ndugu yangu, mimi nilisema 'ni mimi' ili nione nani atasema si yeye. Nilianza na wazee, nikamalizia na baba. Sasa nimeona. Huku ninakodi. Mwenye shamba hanipendi wala hanihurumii, anataka kodi yake tu, na ninalala."

Nilimwomba sana. Akasema pilipili achume mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyempikia miaka mingi. Kwako alisema nikusalimie, na kwamba hana kinyongo. Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jana alikuja hapa kituoni. Nilipomwona mlangoni nilifikiri amebadili nia. Kumbe Theresia alikwenda Mlali Jumapili peke yake, bila kuniambia, akakaa naye mpaka jioni. Walichozungumza hawajakisema, na sitauliza. Andrea anataka kuingia mafunzo ya mwezi Oktoba ili ajifunze kuuza nyanya zake bila dalali. Akakaa mbele ya meza yangu kama kijana mwingine yeyote. Nikamwuliza jina, ingawa nalijua. Nikamwuliza umri na elimu. Nilipofika kwenye kijiji anakotoka sikumwuliza, nikaanza kuandika Matombo. Alikuwa anatazama skrini.

Akasema taratibu, "Futa hapo. Andika Mlali."

Nilisita, nikamtazama. Akangoja bila hasira, mikono yake juu ya magoti.

Nimefuta, Mjomba. Nimeandika Mlali.

Mpwa wako,
Laurenti